MOTAKAA NDOGO NA TELA LAKE

1. Wazee walisema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Walisema hivi kwa kuwa Wanyamwezi walijulikana sana kwa kazi ya upagazi katika misafara ya karne ya 19, iliyosafiri baina ya pwani na bara. Walakini hata mpagazi hodari alikuwa na kipimo chake. Mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kama kilo 30. Ukizidi, mpagazi alikuwa na ulimi wa kusema, "Umenilemea." Motakaa nayo huchukua mizigo, lakini haina ulimi. Ukiipakia kupita kiasi haitakuambia neno, mpaka siku itakaposhindwa kusimama mteremkoni. Kwa hiyo mwenye kuiendesha hana budi kuipimia yeye mwenyewe. Katika somo hili tutajifunza jinsi motakaa ndogo inavyofungwa kiungo cha kuvutia tela, na jinsi tela hilo linavyotumiwa kwa salama.

2. Tela ni gari lisilo na injini, ambalo huvutwa na gari jingine. Tela dogo lina magurudumu mawili tu, na mbele yake umetokeza mti wa chuma. Gari la ng'ombe lina mti kama huo, nao hufungwa katika nira. Lakini motakaa haina shingo ya kutiwa nira. Badala yake hufungwa nyuma tufe la chuma kigumu. Katika nchi nyingi unene wa tufe hilo ni milimita 50, kama ndimu kubwa. Mwisho wa mti wa tela pana kikombe cha chuma kilichopinduliwa. Kikombe hicho hukaa juu ya tufe, na komeo lake hulishika kwa chini lisichopoke. Fikirini mguu wa mtu: kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho hugeuka ndani ya tundu la nyonga pasipo kutoka. Ndivyo kilivyo kiungo hiki. Motakaa ikikata kona au ikipanda kilima, tela hufuata, na chuma hakivunjiki.

3. Fundi hafungi tufe mahali popote apendapo. Bampa ni nyembamba. Tufe likifungwa hapo litang'oka. Tufe hushikwa na boriti ya chuma ipitayo chini ya motakaa, upande wa nyuma, na boriti hiyo hukazwa kwa bolti mahali palipowekwa na kiwanda kwa kazi hiyo. Kwa hiyo fundi mwema huanza kwa kusoma kitabu cha motakaa. Ziko motakaa ndogo ambazo waliozitengeneza hawakuziruhusu kuvuta tela hata kidogo. Hizo na ziachwe. Ikiwa yaruhusiwa, fundi husafisha kutu, na kama hapana budi kutoboa, hupaka rangi kingo za tundu zisiliwe na kutu baadaye. Bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika karatasi ya kiungo. Bolti iliyolegea hutikisika ikatoka. Iliyokazwa mno hunyooka ikakatika. Baada ya safari za kwanza bolti zote hutazamwa tena. Urefu nao hupimwa. Katika Ulaya, katikati ya tufe hutakiwa pawe milimita 350 hadi 420 kutoka chini, motakaa ikiwa imepakiwa, ili tela liende sawasawa bila kuinua pua wala kuinamisha.

4. Kazi ya fundi haijaisha. Tela huzifunika taa za motakaa, na ajaye nyuma hawezi kujua kama dereva anapunguza mwendo au anakata kona. Basi tela huwekewa taa zake, na nyaya za umeme huletwa hadi kwenye soketi iliyo karibu na tufe. Soketi moja itumikayo sana ina pini 7: mbili za taa za kukatia kona, mbili za taa za nyuma, moja ya taa ya breki, moja ya taa ya ukungu, na moja ya kurudisha umeme. Katika motakaa nyingi za siku hizi taa huangaliwa na kompyuta. Kwa hiyo nyaya haziungwi ovyo, bali hupitia kisanduku kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

5. Sasa tufikie jambo kubwa kuliko yote. Kiungo huunganisha tu. Hakiongezi nguvu za injini wala za breki. Natufanye hesabu. Tuseme motakaa ina uzito wa kilo 1,000, na tela halina breki zake lenyewe. Sheria ya Uingereza husema kwamba tela la namna hiyo, pamoja na mzigo wake, lisizidi nusu ya uzito wa motakaa, wala lisipite kilo 750. Nusu ya 1,000 ni 500. Tela tupu lina kilo 150. Basi mzigo usizidi kilo 350. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Mifuko 7 itapakiwa, na wa 8 utabaki dukani. Tena kama kitabu cha motakaa kinataja kipimo kidogo zaidi, hicho ndicho kifuatwe.

6. Haitoshi kupima mzigo. Yapasa pia kuupanga. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na magurudumu, vikielekea mbele kidogo, navyo hufungwa kwa kamba. Mzigo ukikaa nyuma, tela huinua nyuma ya motakaa na kutikisa mkia kama samaki. Ukizidi mbele, hukandamiza nyuma ya motakaa, na magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri. Desturi ya Uingereza ni kwamba uzito unaokandamiza tufe uwe kama sehemu 5 hadi 7 kwa mia ya uzito wa tela lililopakiwa. Kwa tela letu la kilo 500, hizo ni kilo 25 hadi 35, mradi zisipite kipimo cha tufe wala cha motakaa. Kuzipima si kazi ngumu: simamisha kipande cha mti juu ya mizani ya kupimia watu, kisha weka kikombe cha tela juu ya mti huo, kwa urefu ule ule wa tufe.

7. Kabla ya kuondoka, dereva huhakikisha kwamba komeo limeshika, taa zinawaka, na magurudumu yana upepo wa kutosha. Kisha hufunga mnyororo baina ya tela na motakaa, ili kiungo kikichopoka pua ya tela isianguke barabarani. Njiani huenda taratibu, na huacha nafasi kubwa mbele yake, maana mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya kusimamisha gari kwa breki huwa kama mara nne. Tela likianza kuyumba, asiongeze mwendo wala asikanyage breki kwa nguvu. Na ashike usukani imara, aondoe mguu katika mafuta, mpaka tela litulie. Akitaka kurudi nyuma, na ashike usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, tela nalo litakwenda kushoto, ukienda kulia, litakwenda kulia.

8. Pengine mtu atasema, "Mfuko mmoja tu wa saruji ukizidi, una dhara gani?" Lakini barabara si ya mwenye motakaa peke yake. Humo hupita wenye baiskeli, akina mama wenye vikapu, na watoto waendao shule. Aghalabu atakayeumizwa na mfuko wa 8 si yule aliyeupakia. Basi kila apimaye mzigo wake huwalinda na watu asiowajua.

MASWALI

1. Kwa nini tufe halifungwi katika bampa?
2. Kiungo cha tela kinafanana na kiungo gani cha mwili? Eleza.
3. Motakaa ina kilo 1,200. Tela lisilo na breki lina kilo 200 likiwa tupu. Kwa sheria iliyotajwa, mzigo usizidi kilo ngapi?
4. Mzigo ukikaa nyuma ya tela, hutokea nini?
5. Dereva afanye nini tela likianza kuyumba?