Githeri ya Kyeni na maarifa ya wazee wetu

Nyumba nyingi za Embu na Meru hupika githeri: mahindi na maharagwe katika sufuria moja. Ni chakula cha kushibisha. Je, chatosha kwa mtoto anayekua?

Swali hilo lilichunguzwa hapa nyumbani. Kuanzia mwaka wa 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani waliwafuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 12 za msingi eneo la Kyeni, Embu. Baadhi ya shule zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupewa chakula. Waliopewa chakula waliongeza uzito zaidi ya wasiopewa. Lakini upungufu wa vitamini B12 ulishuka kwa waliopata nyama au maziwa, na waliopata nyama waliendelea vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri.

Githeri basi si mbaya. Ubaya ni kuila peke yake kila siku. Mahindi na maharagwe yana fitati, kemikali inayozuia mwili kupata madini ya chuma na zinki. Wazee hawakulijua jina hilo, lakini waliloweka nafaka, wakaziotesha na kuchachusha uji wa wimbi na mtama. Njia hizo hupunguza fitati. Terere, managu na majani ya kunde huongeza chuma na vitamini A. Vitamini B12 haitoki kwenye mboga. Hutoka kwenye maziwa, mayai, samaki na nyama.

Vyakula hutofautiana kwa maeneo. Karibu na Mlima Kenya kuna nduma, viazi vikuu, ndizi na njahi. Sehemu kame za Mbeere zina mtama, mawele, kunde na mbaazi. Mwaka wa 2007 Kenya ilianza kuorodhesha vyakula hivi kwa kushirikiana na jamii. Mimea 850 hivi iliandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji, na mwaka wa 2021 UNESCO ikaitambua kazi hiyo.

Kila kijiji chaweza kuendeleza kazi hiyo chenyewe:

1. Kikundi kikubaliane nini kiandikwe, nani ataliweka daftari na nani ataruhusiwa kulisoma.
2. Waulizwe wazee wa kike na wa kiume: chakula chaitwaje kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere? Huvunwa lini? Hupikwaje? Mbegu ziko kwa nani?
3. Kila nyumba iandike watoto walikula nini kwa siku saba.
4. Orodha hizo mbili zilinganishwe: kipi kimetoweka mezani?
5. Majibu yasomwe barazani, mbele ya afisa wa kilimo wa wadi na mhudumu wa afya ya jamii.

Mbegu zikiwa bado mikononi mwa wenyeji, chakula kilichotoweka mezani chaweza kupandwa tena msimu ujao wa mvua.