Pasaka ya Alfajiri: Mwongozo kwa Anayekuja Ngana

Ngana, wilayani Kyela, haina makumbusho ya kukata tiketi. Anayetaka kuona nyumba za jadi za makabila mbalimbali zikiwa pamoja aende Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Sikukuu yenye historia, inayofanywa na wenyeji kwa ajili yao wenyewe, ataikuta huku, kwenye tambarare kati ya Mto Songwe na Ziwa Nyasa. Krismasi huleta ndugu wengi kutoka mijini, lakini mimi ningechagua Pasaka, ile ya Wamoravian, inayoanzia makaburini kabla ya jua kuchomoza.

Desturi hiyo ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, vijana walipokwenda makaburini alfajiri kuimba. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1894 wakafungua kituo cha Ipyana, karibu na ulipo mji wa Kyela leo. Naamini desturi hiyo ilipokelewa upesi kwa sababu Wanyakyusa, wenyeji wa huku, tangu zamani hawakuyakwepa makaburi. Wengi huzika nyumbani, kando ya migomba, na msiba wa kale ulikuwa na ngoma na vijana wakicheza kwa mikuki. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti huku miaka ya 1930, waliyaandika hayo kwa kirefu. Kuimba juu ya udongo wa marehemu halikuwa jambo geni.

Panga safari mapema. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, ya 2028 ni tarehe 16 Aprili. Zote zinaangukia kwenye masika, na masika ya Kyela si ya mchezo: Songwe, Kiwira na Mbaka hufurika, na njia za vijijini hugeuka tope. Kutoka Mbeya barabara ni ya lami, kupitia Uyole na Tukuyu kuelekea Kasumulu. Tukuyu utatetemeka kwa baridi. Ukishuka bondeni utavua sweta, maana ziwa liko chini sana, kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa kipande cha mwisho chukua bodaboda, na mweleze dereva mapema kwamba utahitaji usafiri usiku wa manane wa kuamkia Jumapili. Beba mabuti ya mvua, mwavuli, tochi na chandarua. Malaria ipo.

Fika kabla ya Ijumaa Kuu. Jioni za Juma la Mateso watu hukusanyika kusikiliza masomo ya siku za mwisho za Yesu, na mchana utawakuta wakifyeka majani na kusafisha makaburi. Omba jembe usaidie. Hapo ndipo utakapofahamiana na watu, na ndipo mzee wa kanisa atakapokwambia ushirika upi una makaburi ya kanisa na ibada inaanza saa ngapi. Kwa kawaida uwe umefika saa 11 alfajiri. Jua la huku huchomoza karibu saa 12:45.

Ibada yenyewe ni fupi kuliko unavyodhani. Watu husimama gizani, kwaya huimba, na panapokuwa na matarumbeta utayasikia kutoka mbali. “Bwana amefufuka!” “Amefufuka kweli kweli!” Kisha hukumbukwa waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Hapo zima simu kabisa. Mama aliyesimama mbele yako huenda amezika mtoto mwezi Januari, na picha yako haina haki juu ya uso wake. Ukitaka picha, subiri jua lipande, uombe.

Salamu ni “ugonile” kwa rika lako na “mugonile” kwa mkubwa au kwa watu wengi. Shukrani ni “ndaga fijo”. Usishangae mwanamke akipiga magoti kusalimia. Jambo moja wageni hulikosea: zipo familia ambazo mke bado humkwepa baba mkwe wake, hapiti mbele yake wala haketi naye. Usiwapange pamoja kwa ajili ya picha ya familia.

Baada ya ibada utaalikwa kula. Wali wa mchele wa Kyela (wa msimu uliopita, kwa kuwa mpunga wa mwaka huu bado uko shambani), mbalaga ya ndizi, kuku, na ukibahatika samaki aina ya mbasa. Peleka sukari, sabuni na mafuta ya kula. Mkabidhi mama mwenye nyumba, usiwagawie watoto njiani. Kimpumu, pombe ya ulezi, ni ya zamani na ina adabu zake, lakini usiiulizie kwenye nyumba ya mzee wa kanisa.

Ukiwa na Jumamosi Kuu ya kuzunguka, amka mapema uende Matema kupitia mjini Kyela na Ipinda. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema ukifuata ufuko. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga Ikombe, na mitumbwi huvileta vimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Nunua kidogo, ufunge kwa majani makavu ya migomba, na uanze kurudi Ngana kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu mvua ikikukuta njiani unaweza kuikosa alfajiri yenyewe.