Sigara na saratani: Tusijifiche nyuma ya neno "makruhu"

Kila ninapofundisha mlango wa vyakula na vinywaji hapa Ujiji, haikosi mwanafunzi mmoja kunyoosha mkono na kuuliza hukumu ya sigara. Kabla sijafungua mdomo, wenzake humjibu kwa pamoja: "Makruhu, Ustadhi!" Jibu hilo wamelitoa majumbani, kwa baba na wajomba zao. Linapendwa kwa sababu linamwacha mvutaji na raha yake: si jambo zuri, lakini dhambi hana.

Katika makala hii nataka tuangalie neno hilo limetoka wapi, kisha tulipime kwa yanayofahamika leo kuhusu tumbaku na maradhi ya saratani.

Tumbaku haikuwapo zama za Mtume (saw) wala za maimamu wanne. Ni mmea wa bara la Amerika, na ulianza kuenea katika nchi za Waislamu mwishoni mwa karne ya 16. Hivyo basi, hakuna aya wala hadithi iliyoitaja kwa jina, na wanazuoni walilazimika kufanya ijtihadi. Wakahitilafiana sana. Mjini Cairo, katika karne ya 17, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliiharamisha. Sheikh Ali al-Ajhuri, naye Mmaliki kama yeye, akaandika risala nzima ya kuihalalisha. Wote wawili walikuwa ni bahari za elimu.

Lakini hebu tuangalie walihitilafiana katika nini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema kuwa Muislamu anaruhusiwa kujiangamiza. Hilo limekatazwa katika Suratul-Baqara, aya ya 195, na halina mjadala. Hoja ya al-Ajhuri ilikuwa kwamba tumbaku hailevyi, na kwamba inayemdhuru, kwake yeye ni haramu. Kwa maneno mengine, kanuni walikubaliana. Walichogombania ni habari ya kitabibu, na habari hiyo tabibu wa zama zile hakuwa nayo.

Ilikuja baadaye sana. Mwaka 1950, huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliowahusu wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London, wakaonesha jinsi ugonjwa huo unavyofungamana na sigara. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa nchi hiyo, wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta. Ufuatiliaji huo ulidumu miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionesha kuwa mtu aliyeendelea kuvuta hadi mwisho alikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya mwenzake asiyevuta.

Inakuwaje? Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 miongoni mwao zinajulikana kuwa zinasababisha saratani. Wengi hudhani madhara yanaishia mapafuni. La hasha. Kutoka mapafuni sumu hizo huingia katika damu, damu hupita kwenye figo, figo huzichuja, nazo hukaa katika kibofu zikisubiri kutoka na mkojo. Ndiyo maana mvutaji hupata saratani ya kibofu, mahali ambapo moshi wenyewe haufiki kabisa. Kuna pia saratani ya mdomo, ya koo, ya umio, ya kongosho, ya figo, na kwa wanawake ya shingo ya kizazi. Ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambavyo havina moshi, huleta saratani ya mdomo. (Nalitaja hili kwa ajili ya wazee wetu wanaotia tumbaku katika tambuu na kudhani kuwa wao hawamo.) Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya vifo vyote vya saratani duniani vinatokana na tumbaku.

Sasa turudi kwetu. Mgonjwa wa Kigoma anayehitaji tiba ya mionzi hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa reli, kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na njiani inapita Kaliua na Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku. Familia huuza kiwanja, au mtumbwi uliokuwa ukiwalisha. Na saratani ya mapafu haina haraka ya kujitangaza. Kikohozi chake hudhaniwa kuwa ni kifua tu, na mgonjwa anapofika huko mara nyingi maradhi yamekwishasambaa.

Pale mwalo wa Kibirizi, mvuvi mmoja wa dagaa aliniambia: "Ustadhi, ziwani usiku kuna baridi. Sigara ndiyo shuka langu." Simdharau. Anakesha na taa juu ya maji ili sisi tupate kitoweo. Lakini nikamuuliza: na nyumbani, kwenye chumba kimoja na mkeo na watoto, hapo baridi iko wapi? Moshi wa wengine huua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka duniani, watu ambao wao wenyewe hawavuti. Mtume (saw) alikataza kudhuru nafsi na kudhuru wengine, na mvutaji wa sebuleni anayafanya yote mawili kwa njiti moja ya kiberiti. Zaidi ya hayo, ndiye anayemtuma mtoto dukani akamletee "sigara moja", wakati sheria ya nchi ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18.

Wapo wanaosema hawawezi kuacha. Nikotini inamfunga mtu kwelikweli, hilo tusilifanyie mzaha. Hata hivyo, Ramadhani tunawaona wakikaa toka alfajiri hadi magharibi bila hata pafu moja, ingawa wengine hutoka msikitini wakiitanguliza sigara kabla ya uji.

Utafiti ule ule wa madaktari ulionesha faida ya kuacha. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alirudishiwa takriban miaka yote 10, wa miaka 40 akarudishiwa 9, wa 50 akapata 6, na hata wa miaka 60 alipata 3. Mvuvi wangu ana miaka arobaini na kidogo. Tumekubaliana aanze siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa na mitumbwi imepandishwa ufukweni, kwa kuwa siku hizo analala kwake na hana baridi ya ziwa ya kusingizia.