Kuziba pengo la jino: Je, ni kubadili maumbile ya Allah?

Ndugu msomaji, swali lililo juu sikulitunga mezani. Niliulizwa na mzee mmoja baada ya swala ya Alasiri hapa Buhare, Musoma, na halikuwa swali hasa, ilikuwa ni hukumu. Nilimwamkia, akaitika, akanitazama mdomoni, kisha akasema: “Mwalimu, naona umemsahihisha aliyekuumba.”

Mwaka 2021 nilianguka na bodaboda. Jino moja la mbele la juu lilitoka zima na mzizi wake, na la jirani yake likavunjika nusu. Lile lililotoka nikaliokota, nikalisugua kwa maji na sabuni, nikalifunga kwenye karatasi, nikalala nalo mfukoni. Kesho yake daktari alisikitika. Akanieleza kuwa jino la ukubwani likitoka zima hushikwa upande wa kutafunia, mzizi haushikwi. Kama lina uchafu linasuuzwa kidogo bila kusuguliwa, kisha linarudishwa tunduni pale pale. Ikishindikana linatiwa katika maziwa, na mtu anakimbia hospitali ndani ya saa moja. Nyuzi hai zilizo juu ya mzizi ndizo zinazolishikisha upya, na mimi nilizimaliza kwa sabuni. Nina shahada ya chuo kikuu, lakini hili sikulijua. Wenye watoto wanaocheza mpira walishike.

Nikakaa na pengo zaidi ya mwaka. Nilijipa moyo kwamba ni mtihani na mtu asubiri, lakini ukweli ni kwamba niliogopa maneno kama ya yule mzee. Wanafunzi wangu ndio walioniondoa hapo. Nilikuwa nawafundisha makharij ya herufi, nikafika kwenye thaa, dhaal na dhwaa. Herufi hizi tatu hutoka kwenye ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Faa nayo hutoka kwa tumbo la mdomo wa chini kugusa ncha za meno hayo hayo. Kijana mmoja, bila utovu wa adabu, akasema: “Ustadhi, hiyo uliyosoma mbona ni zaay?”

Alikuwa sahihi. Surat Faatiha haina thaa, haina dhwaa wala faa, lakini dhaal imo, katika “alladhiina”. Na sisi wafuasi wa Imamu Shaafi, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, tunajua kauli yenye nguvu katika madhehebu: asiyeweza kutamka herufi ya Faatiha akaigeuza kuwa nyingine, hasaliwi nyuma yake na anayeisoma sawasawa. (Wapo wenye meno yote 32 wanaosoma “allaziina” kila siku na hakuna anayewauliza, lakini hiyo ni mada nyingine.) Nikaacha kushika uimamu wa zamu. Hapo ndipo nilipofungua vitabu nisome kwa ajili yangu mwenyewe.

Wanaokataza wana hoja, tusiwadharau. Katika Suratun Nisaa aya ya 119 Allah (s.w.) anatueleza ahadi ya Iblisi, kwamba atawaamrisha watu nao watabadili maumbile ya Allah. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Abdullah bin Mas’ud (r.a.) amesimulia laana juu ya wanawake wanaochanja chale za mwili na wanaotenganisha meno yao. Hadithi ni sahihi, na makemeo yake ni makali.

Lakini hadithi hiyo ina neno ambalo wengi wetu tunaliruka. Wametajwa wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amesimama hapo hapo, akabainisha kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kutafuta urembo. Ama anayehitaji kwa matibabu au kwa kuondoa kasoro ya jino, hapana ubaya.

Sisi Waswahili tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwani lugha yetu imelitenga. Tuna pengo, na tuna mwanya. Pengo ni jino lililopotea. Mwanya ni uwazi baina ya meno ya mbele, na tangu zamani umesifiwa kama uzuri wa mwanamke. Asiyejaaliwa akachukua tupa akajichonga ili aupate, huyo ndiye mlengwa wa hadithi. Na hivi leo anayesaga meno mazima yenye afya ili avishwe magamba meupe kama ya msanii aliyemwona kwenye simu, mimi simwoni yuko mbali naye. Tena ukucha wa jino uliosagwa hauoti tena.

Sasa tazama upande wa pili. Sahaba Arfaja bin As’ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulaab, zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza na kunuka. Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, nasi sote tunajua, lakini hapa imeruhusiwa kwa haja, na haja yenyewe ni kiungo cha usoni ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho. Wanazuoni wakalipima jino kwa pua. Imamu Abu Hanifa alisita kwenye dhahabu, akaona jino lifungwe kwa fedha, lakini mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan akaruhusu dhahabu, na kwetu Mashafi jino la dhahabu linajuzu kwa mwenye haja. Siku hizi vifaa vingine vipo tele, kwa hiyo kijana mwenye meno mazima anayevaa kofia ya dhahabu ili ang’ae kijiweni asijifiche nyuma ya Arfaja.

Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likapitisha azimio kuhusu upasuaji wa urembo. Kurudisha umbo la kawaida, kuondoa kasoro ya kuzaliwa au iliyoletwa na ajali na maradhi, kumeruhusiwa. Kubadili umbo zima kwa kufuata matamanio kumekatazwa.

Kwa mizani hiyo nikatibiwa. Jino lililovunjika lilisafishwa mzizi likavishwa kofia. Pengo nikaliziba kwa jino la bandia la kuvaa na kuvua, lililoshikizwa kwenye sahani ndogo ya plastiki ngumu. Ipo njia iliyo imara zaidi, ya kupandikiza skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya, ambayo Brånemark wa Sweden aliianza kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, lakini mshahara wa mwalimu haukufika huko. Anayeiweza na akaambiwa aongezewe unga wa mfupa, aulize mfupa huo ni wa mnyama gani.

Udhu hauna tatizo, kwani kusukutua kwetu ni sunna, wala hulazimiki kulivua jino. Mwenye funga akichomwa ganzi kwenye ufizi funga yake ipo, maadamu hakumeza damu wala dawa. Akiweza kungoja usiku, ni salama zaidi.

Katika darsa langu wapo vijana wanaosoma hapa Buhare kutoka mikoa mingine, na wale wa Arusha na Singida baadhi yao wana meno ya kahawia. Si uchafu. Ni madini ya floraidi yaliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, na magadi ya kupikia huongeza. Mswaki hauondoi. Binti mmoja anasoma Qur-an ameziba mdomo kwa mtandio. Aliponiuliza kama kuyang’arisha au kuyafunika ni dhambi, nilimjibu kuwa hiyo ni kasoro iliyoletwa na maji, na kuiondoa ni tiba. Akauliza bei. Hilo sikuwa na jibu lake.

Kama tunatafuta wanaobadili maumbile, basi tutazame “meno ya nailoni”. Tangu miaka ya 1980 imeenea Tanzania imani kwamba mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, na ufizi wake umevimba na kuwa mweupe, ana meno mabaya ya plastiki yanayopaswa kung’olewa. Kinachochimbuliwa, wakati mwingine kwa spoku ya baiskeli, ni chonge la mtoto kabla halijaota. Mtoto anabaki na homa yake ile ile, anaongezewa damu kumwagika na hatari ya pepopunda, na chonge la ukubwani linaweza kuharibika au lisiote kabisa. Hapo hakuna anayetaja aya ya 119.

Yule mzee nilimweleza haya yote. Alisikiliza, akasema atafikiri, na bado anafikiri. Ila mwezi uliopita mjukuu wake wa miezi sita alishikwa na homa kali, majirani wakaonyesha ufizi, na fundi akawa ameshaitwa. Mzee akanigongea mlango usiku. Tulimkimbiza mtoto hospitali. Kipimo kilionyesha malaria.