Antena ya Mwelekeo: Kujenga na Kulenga

Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020. Watu wa Kasese na Kilembe hawajasahau. Siku kama hizo simu ya mkononi hutegemea mnara wenye umeme, lakini redio mbili za ridhaa huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa betri tu. Tatizo ni moja: redio ndogo hutawanya nguvu zake pande zote, ikaishia karibu. Somo hili linaeleza namna ya kuzikusanya nguvu hizo upande mmoja.

Antena ya aina hii ilielezwa na Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi mwaka 1926. Umekwisha kuiona juu ya nyumba zenye televisheni, imekaa kama mifupa ya samaki.

Vipimo. Tunatumia masafa ya megahezi 144 hadi 146. Gawanya 300 kwa 145, utapata urefu wa wimbi: mita 2.07. Kutokana na hesabu hiyo, kata vijiti vitatu vya alumini au shaba:

1. Cha nyuma, kinachorudisha mawimbi: sm 103.
2. Cha katikati, kinachounganishwa na redio: sm 98. Kikate nusu kwa nusu; nusu moja ifungwe kwenye uzi wa ndani wa waya wa antena, nyingine kwenye nyuzi za nje.
3. Cha mbele, kinachoelekeza: sm 93.

Vifunge kwenye ubao mkavu, sm 40 kati ya kimoja na kingine. Visimame wima, kwa kuwa redio ya mkononi nayo hushikwa wima.

Kulenga. Tumia dira, lakini simama mbali na mabati, maana chuma huvuta sindano. Aliye Bwera akitaka Mweya alenge kusini-mashariki, ambako nchi hushuka kuelekea ziwa Edward. Akilenga kaskazini atagonga Rwenzori, na mawimbi haya hayapenyi mlima. Ukikosea kidogo usihofu: antena hii huona upana wa kutosha.

Elimu hii si ngeni kwetu. Pembe ya kulengea huitwa azimuthi, neno lililotoka katika Kiarabu *as-sumut*, wingi wa *samt*, yaani upande. Wanafalaki wetu waliihesabu ili kujua kibla. Kutoka Kasese, kibla kiko kati ya nyuzi 23 na 24 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Ukiweza kukipata kwa dira, umeweza kulenga antena.

Tahadhari. Usisimamishe mlingoti karibu na nyaya za umeme. Radi ikianza, chomoa waya. Kurusha sauti kunahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC). Anza kwa kusikiliza: kwenye 145.800 wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga huzungumza na wanafunzi, na kikipita juu yetu hubaki angani dakika kumi tu au chini yake.

Leseni na mazoezi huchukua muda, na mto hautungoji. Anayetaka kusaidia jirani siku ya mafuriko, na ajifunze wakati wa kiangazi.