Soketi Iliyoingia Maji na Mwili wa Binadamu

Masika yanapopita, nyumba nyingi za bonde la mto Msimbazi jijini Dar es Salaam hubaki na matope sakafuni na maji ndani ya soketi. Maji yakishapungua, sakafu hupigwa deki, magodoro huanikwa, na jioni mtu huchomeka chaja ya simu kwa kuwa ukuta unaonekana mkavu. Hali kama hiyo hutokea hata bila mafuriko: paa linalovuja, ndoo iliyomwagika, au waya wa ekstensheni uliolazwa sakafuni siku ya kufua.

Wengi huamini kwamba hatari ikitokea, fyuzi au sakiti breka itakata umeme kabla mtu hajadhurika. Imani hiyo si sahihi. Fyuzi huwekwa ili kuulinda waya usiungue, wala haikukusudiwa kumlinda binadamu. Umeme wa majumbani nchini Tanzania una nguvu ya volti 230. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu, lakini ikilowa, ukinzani wa mwili hushuka hadi kukaribia omu 1,000. Kwa hesabu ya kawaida, mkondo unaopita mwilini hapo ni takriban miliampea 230. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 hubeba mkondo unaozidi huo mara hamsini na kitu bila kukatika.

Mwili, kwa upande wake, hauhitaji mkondo mkubwa. Miliampea moja husikika kama mchonyoto. Zikifika takriban 10 au zaidi, misuli ya kiganja hujikunja na mtu hushindwa kuachia alichokishika. Kuanzia kiasi cha 50 hadi 100, mkondo ukipita kifuani, vyumba vya chini vya moyo huweza kuanza kutetema ovyo badala ya kusukuma damu. Mgonjwa huzimia katika muda wa sekunde chache, na mara nyingi ngozi yake haina jeraha la kutisha.

Kwa sababu hiyo, soketi iliyolowa haiguswi, wala plagi iliyomo haichomolewi. Kuzima kitufe cha soketi yenyewe hakutoshi, kwa kuwa waya wenye umeme hubaki hai nyuma yake. Na palipofungwa na fundi asiye makini, kitufe huenda kinakata waya usiohusika. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu, ile iitwayo meni swichi, kwa mikono mikavu na miguu iliyovaa viatu, mahali pakavu. Ikiwa swichi hiyo imezungukwa na maji, hakuna wa kuifuata. TANESCO wapigiwe simu wakate umeme kutoka nje.

Soketi iliyozama hubadilishwa. Maji ya mafuriko huacha chumvi na tope juu ya shaba, na uchafu huo hupitisha umeme kila unyevu unaporudi. Fundi umeme mwenye leseni akague pia waya wa ethi, na afunge kifaa kinachohisi umeme unaovuja, ambacho hukata mkondo unapofika miliampea 30. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na siku moja ya wodi ya uangalizi maalumu.

Aliyenaswa hashikwi kwa mikono kabla umeme haujazimwa; huruma ya ghafla imezizidishia familia msiba. Umeme ukishazimwa, asiyepumua wala kuitika akandamizwe katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, bila kusimama hadi msaada ufike. Maziwa, mchanga na maombi ya pembeni hayaurudishi mdundo wa moyo.

Anayesimama na kusema yu mzima naye apelekwe hospitali, hasa akiwa mjamzito, alizimia, au umeme ulipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Huko moyo utapimwa kwa mashine. Mkojo nao uangaliwe: ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, misuli iliyoungua ndani inamwaga protini kwenye damu, na figo zimeanza kuzidiwa.