Mtoto Akihara, Tusimnyime Maji

(Somo hili lisomwe kwa sauti kikundini.)

Mara nyingi tunasikia mama akiambiwa, "Usimpe maji, acha tumbo likauke kwanza." Maneno haya yameua watoto. Tuangalie ndani ya tumbo tuone ni kwa nini.

Bakteria wa kuhara huingia kwa mdomo, kupitia maji machafu, chakula au mikono isiyooshwa. Wengi hufia tumboni kwa sababu ya asidi iliyoko huko. Wanaopona hufika kwenye utumbo mwembamba, na hapo nao wana shida: utumbo unateleza, tena husukuma kila kitu mbele. Asiyekuwa na pa kushika ataenda na choo tu.

Lakini bakteria wa kipindupindu, na aina fulani za E. koli, wana vinyuzi vidogo mwilini. Mnajua kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazokushika sketi ukitoka shambani? Ni vivyo hivyo. Wakishashika ukuta wa utumbo wanazaana hapo hapo. Hawautoboi, wala hawanyonyi damu kama kupe. Wanatoa sumu. Sumu hiyo hufanya utumbo umwage chumvi ya mwili, na maji hufuata chumvi. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya na kipindupindu anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Je, mtoto mchanga atabaki na nini?

Sasa sikilizeni. Kuna mlango mmoja ambao sumu hii haiufungi. Sukari na chumvi zikiwa pamoja hupitia hapo kurudi mwilini, na maji huzifuata. Ndiyo kazi ya ORS. Ukikosa pakiti, tia katika lita moja ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visiwe na kilima. Onja: chumvi isizidi ya machozi. Soda haifai, sukari yake ni nyingi mno na huzidisha kuhara.

Mtoto wa kunyonya anyonyeshwe zaidi. Maziwa ya mama yana kinga, na pia sukari za namna yake ambazo bakteria huzishika wakidhani ni ukuta wa utumbo!

Choo chenye damu ni jambo lingine, hao wanavamia ukuta wenyewe. Mpeleke hospitali. Vilevile akilegea, macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa. Njiani endelea kumpa kidogo kidogo kama anameza. Huko atapewa pia tembe za zinki. Azimalize hata kama amepona.

Swali la kikundi: Nyumbani kwetu ni nani husema mtoto anyimwe maji, na nani kati yetu ataongea naye wiki hii?